Ludwig Mond, Magadi Yetu na Hewa ya Seredani

Magadi tunayotia kwenye tumbaku na kulainishia maharage hapa Pwani ndiyo hayo hayo wanayouziana akina mama katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kwa ajili ya mboga zao za kienyeji. Asili yake mashuhuri ni Ziwa Magadi kule Kajiado. Mwaka 1924 ziwa hilo liliingia mikononi mwa kampuni ya Kiingereza iitwayo Brunner Mond, na shehena zake zikawa zinateremka kwa reli mpaka Kilindini. Brunner alikuwa mtu, na Mond pia alikuwa mtu. Leo ndugu msomaji nataka nikusimulie habari za huyu wa pili, kwa sababu alichokigundua katika uzee wake kinahusu vijana wetu wanaokwenda kusoma na kutafuta riziki Kisii na Nyamira, kwenye baridi ambayo sisi watu wa joto hatuizoei.

Ludwig Mond alizaliwa tarehe 7 Machi 1839 mjini Kassel, Ujerumani, katika nyumba ya Mayahudi. Alisomea kemia Marburg kwa Hermann Kolbe, kisha Heidelberg kwa Robert Bunsen, yule ambaye jina lake tunalitaja kila tukiwasha kichomeo cha gesi maabarani. Akatoka huko bila shahada. Mimi mwenye diploma yangu ya maabara hilo limenifurahisha, sikufichi, maana nchi hii yetu imekuwa ya kuuliza karatasi kwanza na kazi baadaye.

Mwaka 1862, akiwa na umri wa miaka 23, alivuka kwenda Uingereza na kuingia kiwanda cha John Hutchinson pale Widnes. Wakati huo magadi ya viwandani yalitengenezwa kwa njia ya Leblanc, ambayo iliunguza chumvi kwa tindikali na makaa ya mawe na kuacha milima ya taka zinazonuka kama mayai yaliyooza. Mond alikuja na ujuzi wa kuitoa salfa kutoka kwenye taka hizo. Alirudi ng'ambo kwa muda kufanya kazi Utrecht, Uholanzi, akamwoa binamu yake Frida Löwenthal mwaka 1866, na mwaka uliofuata akawa yuko Widnes tena.

Kule kwa Hutchinson ndiko alikojuana na John Brunner, aliyekuwa mtu wa ofisini, hesabu na barua. Mond alipopata habari kwamba Mbelgiji Ernest Solvay amepata njia safi zaidi, alimfuata na kupatana naye apewe haki ya kuitumia. Njia ya Solvay inataka chumvi na mawe ya chokaa, na amonia ikiwa kama kuli anayebeba mzigo, akautua, kisha akarudi kubeba mwingine. (Chumvi ya Gongoni tunayo, mawe ya chokaa ya Bamburi tunayo. Haya, tuyaache.) Mwaka 1873 Mond na Brunner wakashirikiana kununua mahali paitwapo Winnington, Cheshire. Familia zote mbili zikahamia katika jumba moja jirani na kiwanda. Miaka ya kwanza ilikuwa ya mitambo kuvunjika na fedha kukauka, lakini walipoipanga upya biashara yao kuwa kampuni ya hisa mwaka 1881, tayari magadi yao yalikuwa yanatisha soko.

Mtu mwingine angekaa kitako akahesabu faida. Mond aliona amonia ikiacha klorini ipotee bure ndani ya kiwanda, akataka kuikamata hiyo nayo. Ili kufanya hivyo alipitisha mvuke wa kloridi ya amonia kwenye mabomba yenye vali za nikeli, kwa kuwa nikeli ilisifika kustahimili. Kwenye maabara vali zilikaa sawa. Kiwandani zikaliwa, zikavuja, zikapata ukoko mweusi. Walipochunguza tofauti wakaikuta kwenye hewa ya kusafishia mabomba, ambayo kule kiwandani ilikuwa na kaboni monoksidi kidogo ndani yake.

Hapa ndipo nampendea. Angeweza kubadilisha vali tu, kazi ikaendelea. Badala yake aliwaweka wasaidizi wake Carl Langer na Friedrich Quincke wachunguze nikeli na kaboni monoksidi zinafanyiana nini, katika banda la farasi la nyumba yake ya London lililogeuzwa maabara. Walipasha moto unga laini wa nikeli, wakapitisha hewa hiyo juu yake, na iliyotoka mwisho wa bomba wakaiwasha moto ili isiwadhuru. Bomba lilipokuwa linapoa, wakaona ule mwale hafifu wa samawati umegeuka kuwa mweupe wenye kung'aa. Wakapasha moto kioo ambamo hewa hiyo ilipita, na ndani ya kioo kukajitanda utando wa metali kama kioo cha kujitazamia. Ilikuwa nikeli, imesafiri ndani ya hewa.

Walichokipata, na kukitangaza mwaka 1890, ni kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye nyuzi 43 za Selsiasi, joto ambalo hata chai ya kukaribishia mgeni inalipita. Kila chembe yake ni atomu moja ya nikeli iliyozungukwa na kaboni monoksidi nne. Mwaka 1891 chuma nacho kikaonekana kufanya vivyo hivyo, kikishika tano, na Berthelot wa Ufaransa akafika hapo hapo kwa njia yake. Baadaye misombo ya namna hii ikaitwa kabonili za metali, na wanakemia wakahangaika nayo kwa miongo mingi, kwa kuwa haikuingia katika hesabu za wakati ule za nani anaweza kumshika nani.

Hesabu ilikuja kupatikana elektroni zilipofahamika. Nikeli ina elektroni 28, na kila kaboni monoksidi inamkaribia na mbili za kutoa. Nne mara mbili ni 8, jumla 36, sawa na kriptoni, hewa iliyotosheka isiyotaka kitu kwa mtu. Lakini kutoa peke yake kusingetosha kuwashikamanisha. Metali nayo hurudisha sehemu ya elektroni zake kwenye kaboni, na ndipo kifungo kinapokaza. Mpwani anayajua haya bila kwenda darasani, maana sahani ya futari ya jirani hairudishwi tupu.

Mond alijaribu kuwauzia wenye nikeli njia hii ya kusafishia metali yao, hawakuitaka. Akaanzisha yake mwaka 1900, Mond Nickel Company, yenye migodi Sudbury kule Kanada na kiwanda Clydach, Wales. Nikeli chafu ilipelekwa na kaboni monoksidi ikiwa vuguvugu, ikapaa, ikaacha uchafu nyuma, kisha ikapashwa moto zaidi ikaanguka ikiwa safi kabisa. Ila msombo ule ni sumu kali mno. Kiwanda kilipoanza, 1902, wafanyakazi walivuta hewa iliyovuja na wengine wakafa, ikabidi mitambo ibadilishwe. Na miaka mingi baadaye ikabainika kwamba wanaume waliofanya kazi pale zamani walikuwa wakipata saratani ya pua na ya mapafu kuliko kawaida, nayo ililaumiwa zaidi kwenye vumbi la nikeli. Vitabu vinavyomsifu Mond huyapita haya haraka. Mimi naona yaandikwe karibu na sifa zake.

Fedha alizipata nyingi. Mwaka 1896 aliipa Taasisi ya Kifalme ya London maabara nzima ya utafiti, yenye majina ya Davy na Faraday. Michoro yake ya Kitaliano aliiachia National Gallery. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 11 Desemba 1909, akazikwa kwa taratibu za Kiyahudi ingawa katika maisha yake hakuwa mtu wa ibada. Mwanawe Alfred ndiye aliyeiongoza Brunner Mond kuungana na wengine kuwa ICI mwaka 1926, ikiwa tayari imeshalibeba ziwa letu.

Sasa turudi Kisii na Nyamira.

Nilifanya kazi miaka miwili katika maabara ya shule moja ya sekondari Nyamira, nikiwa kijana. Mji wa Kisii wenyewe uko juu kiasi cha mita 1,700, na ukipanda kuelekea mashamba ya chai ya Kebirigo na Sanganyi unazidi kwenda juu. Mvua haina msimu. Jioni ya Julai huko, mtu wa Lamu au Kwale anaona mifupa inaongea. Nyumba za kupanga zina dirisha dogo, na watu huliziba kwa gunia. Kisha seredani inaingizwa ndani.

Ndugu wawili waliokuja kufanya vibarua vya ujenzi walipanga chumba si mbali na kwetu. Asubuhi moja mlango ulivunjwa. Mkubwa alikuwa ameshakufa, mdogo akawa anapumua kwa shida, akapona. Hakukuwa na jeraha, hakukuwa na moshi, na makaa yalikuwa majivu. Siku hiyo nzima nilisikia watu wakinong'ona neno urogi, na wakimtaja bibi kizee mmoja wa mtaa ule. Mama mwenye nyumba niliyopanga, Mkisii wa makamo, alisimama katikati ya ua akawakemea, akawaonyesha jiko. Nadhani siku ile aliokoa roho ya pili. Nasema hivi kwa kuwa Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za urogi. Na sisi Pwani hatuna la kuwasema, wazee wetu wa Kilifi wanajua.

Kilichomuua kijana yule ni kabonili. Ndani ya hemoglobini ya damu mna chuma, na kaboni monoksidi hukishika chuma hicho kwa kifungo cha jamii ile ile ya Mond, kutoa na kurudishiwa. Oksijeni nayo hushika pale pale, lakini kaboni monoksidi hushika kwa nguvu inayozidi mara 200 hivi. Ikipata nafasi haitoki, na mwili unakosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Haina harufu wala rangi. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, yale ambayo watu husema yameshaiva kwa hiyo si hatari, bado yanaitoa.

Mzazi uliye na mtoto Chuo Kikuu cha Kisii, au mwalimu aliyepangiwa Nyamira, mnunulie blanketi zito na sweta kabla hajapanda basi, na mwambie jiko lilale nje. Dalili huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na ukiwaona wawili watatu chumba kimoja wanalalamika hivyo, mlango ufunguliwe kwanza. Atakayekutwa amezimia atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali yenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua kama saa 4 hadi 5 kutoka damuni. Kwa oksijeni safi ya barakoa, ni kama saa moja na nusu.