Fourier: mtoto wa mshona nguo na ugonjwa wa mota

Wanachuo wenzangu, ukimtajia mtu wa uhandisi jina la Fourier, anakumbuka mtihani tu. Mimi nasomea ualimu wa hesabu na fizikia, na naona huyu ni mwalimu mwenzetu kabisa.

Joseph Fourier alizaliwa mwaka 1768 mjini Auxerre, Ufaransa. Baba yake alikuwa mshona nguo. Kabla hajatimiza miaka kumi, alishakuwa yatima. Shule ndiyo ilimlea, na baadaye akafundisha hapohapo Auxerre. Mapinduzi yakamtia jela mwaka 1794, akaponea chupuchupu. Mwaka 1795 alikuwa Paris, kwenye chuo kipya cha walimu, akifundishwa na vigogo akiwemo Lagrange.

Baadaye Napoleon alimpa kazi ya kuongoza mkoa, makao yake Grenoble. Katikati ya mafaili ya serikali akawa anachunguza jinsi joto linavyosafiri. Mwaka 1807 akawasilisha wazo lake: wimbi linalojirudia, hata likiwa na kona, unaweza kulichambua likawa jumla ya mawimbi laini. Aliyepinga nani? Lagrange, mwalimu wake! Mwaka 1811 akapeleka tena, akashinda tuzo, ila majaji wakasema uthibitisho una mapengo. Kweli yalikuwepo, na wengine waliyaziba baadaye. Kitabu chake kilitoka 1822, naye akafariki 1830, kabla viwanda havijajua mota za umeme.

Sasa njoo kiwandani leo. Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde. Chuma kimoja cha rota kikikatika, mota inaweza kuendelea kuzunguka kama haina neno. Fundi anapima mkondo kwenye waya bila kuifungua, kompyuta inauchambua kwa hesabu ya Fourier. Kama rota inachelewa kwa asilimia 2, pembeni ya 50 vinachomoza vijiwimbi kwenye 48 na 52. Hapo ugonjwa umeonekana, matengenezo yanapangwa kabla mota haijafa katikati ya kazi.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiniuliza hesabu hizi za nini, sitamfokea. Nitamchorea 48, 50 na 52 ubaoni. Na siku akileta wazo nisilolielewa, nitamkumbuka Lagrange kabla sijashika kalamu nyekundu.