Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Msasani

Katika mwaka 1932 alizaliwa huko Tunduru, kusini mwa Tanganyika, mtoto aliyeitwa Edward Saidi Tingatinga. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu, ndiyo sababu alikuwa na majina ya dini zote mbili. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge kama wengi wa kusini siku zile. Kisha akafika Dar es Salaam, akawa mtunza bustani, akafanya na vibarua vingine apate posho.

Mwaka 1968, naye amekwisha kuwa mtu mzima, alianza kuchora picha. Hakupata kusoma katika chuo cha sanaa, wala hakuwa na fedha za kununua vitambaa na rangi za wachoraji wa Ulaya. Basi akatafuta vitu vya madukani vilivyo rahisi. Badala ya kitambaa alitwaa kibao chembamba cha hadibodi, kama kile wanachotumia mafundi wa nyumba. Na badala ya rangi za wachoraji alinunua rangi ya baiskeli. Mwanafunzi wa Matongo aliyepata kuitazama baiskeli mpya juani anajua jinsi rangi hiyo inavyong'aa.

Nyumba yake ya Msasani ndiyo iliyokuwa karakana yake. Kwanza alikipaka kibao chote rangi moja, akangoja ikauke. Ndipo alipochora juu yake mnyama mmoja au ndege, kwa mistari iliyo wazi na rangi chache. Kungoja huko si jambo dogo, maana rangi ya mafuta ikiguswa ingali mbichi, kazi yote huharibika. Picha zikiisha, mkewe Agatha alizipeleka nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, akazipanga mbele ya wapitao. Wageni wakazipenda, wakanunua.

Wako mafundi wafichao kazi yao, wakidhani kwamba mwanafunzi wa leo atakuwa mshindani wa kesho. Tingatinga hakuifanya siri. Aliwapokea nyumbani jamaa na rafiki, akina Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, wakaketi karibu naye wakajifunza kwa kutazama na kutenda.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake. Askari polisi wakadhani kuwa ni wezi wanaokimbia, wakapiga risasi, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na kazi yake ya uchoraji ilikuwa haijatimiza miaka mitano.

Lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kujua kupaka kibao na kungoja. Wakaendelea kuchora, wakawafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika wakakiita kwa jina lake. Karakana yao ikawa huko huko Oysterbay, karibu na maduka yale ambapo Agatha alipanga picha za kwanza.