Kimweri ye Nyumbai: Mali nyingi, mrithi akatangulia

LUSHOTO na milima yote ya Usambara ina majina mengi ya kihistoria, lakini la Kimweri ye Nyumbai ni miongoni mwa makubwa zaidi. Mtawala huyo wa ukoo wa Wakilindi aliongoza Usambara kwa karibu nusu karne, kuanzia takriban mwaka 1815 hadi alipofariki mwaka 1862. Makao yake yalikuwa Vuga, na nguvu zake zilifika hadi ukanda wa pwani kati ya Tanga na Pangani.

Utajiri wa Kimweri ulitokana na kodi. Wananchi walimlipa kwa mifugo na mazao, naye aliitumia mali hiyo kulisha watu wa makao yake na kusaidia wenye shida. Ili kuisimamia nchi kubwa kiasi hicho, aliwagawia wanawe maeneo ya kutawala. Kila mmoja alikusanya kodi kwake na kumtambua baba aliyeko Vuga.

Mpango huo ulifanya kazi vizuri alipokuwa hai. Tatizo ni kwamba aliishi miaka mingi, na mwanawe aliyetarajiwa kumrithi alitangulia kufa. Kimweri alipofariki, kiti kilichukuliwa na mjukuu wake, Shekulwavu. Kijana huyo akajikuta akitakiwa kuwaamrisha baba zake wadogo na wakubwa, watu waliokwisha kuota mizizi katika maeneo yao.

Mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Biashara ilimpatia bunduki na marafiki wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 aliishambulia Vuga na kumfukuza Shekulwavu, kisha akamweka mwanawe mwenyewe kwenye kiti. Wabondei nao waliasi dhidi ya Wakilindi. Vita viliendelea kwa miaka mingi, na raia wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani. Wajerumani walipofika waliikuta nchi imegawanyika.

Kosa la mzee huyo halikuwa kukosa mrithi. Aligawa madaraka mapema, lakini mrithi alipofariki mgawo ule haukupangwa upya.

Hali hiyo haiko mbali na ya mkulima wa leo aliyewaonyesha watoto mashamba kwa mdomo tu, au mwenye duka linaloendeshwa na mtoto mmoja bila wengine kujua ni la nani. Akifa, kila mmoja hushika alichonacho.

Kinga yake si ghali. Andika wosia mbele ya mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, na utaje nani atachukua nafasi iwapo mrithi atatangulia kufa. Urekebishe kila panapotokea kifo, ndoa au ununuzi wa shamba. Unaweza kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Shamba la kijijini lipatiwe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili mipaka isibaki kwenye kumbukumbu za wazee. Familia nayo ikumbuke kwamba msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama ni mgawaji wa mali, si mmiliki wake.