Nana Asma'u, Mwalimu wa Wanawake

Ndugu msomaji, je, umewahi kusikia habari za Nana Asma'u? Alikufa zamani, mwaka 1864. Aliishi mbali na kwetu, Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo inaitwa Nigeria. Neno Nana ni la heshima, kama sisi tunavyosema Bibi. Mama huyu aliwafundisha wanawake wa vijijini, ambao wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa sababu hiyo, habari zake zinatuhusu sisi tunaosoma tukiwa watu wazima. Soma polepole, uone alivyofanya.

Asma'u alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Degel. Alizaliwa pacha pamoja na ndugu yake wa kiume, Hassan. Watu wa nyumbani kwao walikuwa Wafulani. Baba yake alikuwa mwanachuoni mkubwa wa dini ya Kiislamu, jina lake Usman dan Fodio. Watu walimwita Shehu.

Siku zile wanavyuoni wengi waliwafundisha wanaume tu. Wake zao na binti zao walibaki bila elimu. Shehu aliwalaumu wanavyuoni hao. Yeye alisema kuwa kutafuta elimu ni wajibu wa mwanamume na wa mwanamke pia. Basi Asma'u alifundishwa nyumbani pamoja na ndugu zake. Alihifadhi Kurani. Alijua lugha nne: Kiarabu, Kifulani, Kihausa na lugha ya Watuareg, watu wa jangwani.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Shehu aligombana na mfalme wa nchi ya Gobir. Mwaka 1804 Shehu na wafuasi wake walilazimika kuhama Degel. Asma'u alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Waliondoka na watoto na wazee, na vitabu vyao wakavipakia juu ya ngamia. Vita vikaanza. Watu wakapata njaa na maradhi. Katika pigano moja la mwaka huo, mahali paitwapo Tsuntsua, inasemwa watu wa Shehu wapatao 2,000 waliuawa. Kati yao 200 walikuwa wamehifadhi Kurani yote. Fikiri, msomaji, elimu kiasi gani ilipotea kwa siku moja.

Vita vikubwa vilikwisha mwaka 1808, na watu wa Shehu wakashinda. Mwaka 1809 mji wa Sokoto ulijengwa, ukawa makao makuu ya dola kubwa. Shehu alifariki mwaka 1817. Mtoto wake, Muhammad Bello, akashika utawala. Bello alimpenda sana dada yake Asma'u, na alimshirikisha katika kazi zake za kuandika.

Wakati huo Asma'u alikuwa ameolewa. Mume wake aliitwa Gidado, naye alikuwa waziri wa Bello. Asma'u alizaa watoto na kuwalea. Nyumba yake ilikuwa kubwa, yenye watu wengi na wageni wengi. Alisimamia chakula, malezi na mambo yote ya nyumbani. Lakini hakuacha kusoma wala kuandika. Mumewe hakumzuia, bali alimsaidia. Mtoto wao mmoja, Abdulkadir, naye alikuja kuwa waziri baada ya baba yake.

Sasa tuone kazi yake kubwa. Baada ya vita, nchi ilijaa watu waliotoka mahali mbalimbali. Wengine walikuwa wamepoteza jamaa zao. Wengine walikuwa mateka, waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwao na kufanywa watumwa. Wanawake wengi wa vijijini hawakujua dini ile, na hawakuwa na mtu wa kuwafundisha. Wenye watoto wadogo hawakuweza kusafiri kwenda mjini. Vitabu vilikuwa vichache, tena viliandikwa kwa mkono. Je, watu kama hao watapataje elimu?

Asma'u alitafuta njia. Ilipofika mwaka 1830 hivi, alianza kukusanya vikundi vya wanawake. Vikundi hivyo viliitwa Yan Taru, maana yake ni watu waliokusanyika. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, aliyeitwa jaji. Jaji alikuwa mwanamke mwenye heshima kijijini kwake. Wanawake waliokwisha maliza kuzaa, pamoja na wasichana, walifuatana na jaji mpaka Sokoto. Kina mama wenye watoto wachanga walibaki nyumbani. Wale waliosafiri walipata masomo kwa Asma'u, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao waliobaki. Kwa njia hiyo elimu iliwafuata wanawake huko huko walikokuwa.

Asma'u alimpa kila jaji kofia pana iliyosukwa kwa majani, pamoja na kitambaa chekundu cha kuifunga. Zamani kofia ya namna hiyo ilivaliwa na mwanamke mkuu wa mambo ya mizimu katika nchi ya Gobir. Asma'u hakuitupa. Aliifanya iwe alama ya mwalimu. Watu walipoiona njiani, walijua kuwa huyo ni jaji, wakampa heshima yake.

Tena aliwafundisha kwa mashairi. Mtu asiyejua kusoma anaweza kushika shairi kwa kichwa, akaliimba akitwanga au akichota maji. Sisi pia tunajua hivyo, maana tenzi zetu nyingi zilihifadhiwa kwa kuimbwa. Asma'u alitunga mashairi juu ya sala, saumu na tabia njema. Alitunga shairi moja lenye majina ya sura zote 114 za Kurani, ili wanafunzi wazikumbuke. Aliwatungia Wahausa kwa Kihausa, na Wafulani kwa Kifulani. Maandishi yake zaidi ya 60 yapo hata leo.

Wanawake wa vijijini hawakuja mikono mitupu. Walileta nafaka, asali, siagi na nguo. Asma'u hakuvilimbikiza vitu hivyo. Aliwagawia maskini, wagonjwa na wasiojiweza.

Alipata pia misiba mingi. Bello alifariki mwaka 1837. Aisha, mke wa Bello, alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Aisha alipofariki, Asma'u alihuzunika sana, akamtungia mashairi ya maombolezo. Lakini hakuwalilia wakubwa peke yao. Alitunga mashairi pia juu ya wanawake wa kawaida, waliosaidia wazazi wakati wa kujifungua, waliopatanisha majirani na waliowaosha maiti. Mmoja aliyemtungia ni Hauwa'u, aliyekuwa jaji. Kazi za wanawake hao hazikuandikwa na watu wengine. Asma'u aliziandika, na ndiyo sababu tunazijua.

Alipofariki mwaka 1864, alizikwa Sokoto, karibu na kaburi la baba yake. Kazi yake haikufa naye. Dada yake Mariam aliiendeleza, na baada yake wakaja wengine. Hata leo, katika Nigeria, wako wanawake wanaojiita Yan Taru, na wanafundisha wenzao.

Msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Huenda nyumbani kwako au kwa jirani yuko mtu asiyeweza kuja darasani. Labda ana mtoto mchanga, au anauguza mgonjwa, au anaona haya. Usimwache nyuma. Leo jioni mpelekee hayo machache uliyojifunza, kama majaji walivyofanya.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Shehu aliwalaumu wanavyuoni wa wakati wake?
2. Jaji alikuwa na kazi gani?
3. Kwa nini Asma'u alifundisha kwa mashairi?
4. Katika kijiji chenu, ni nani wasioweza kuja darasani? Mtawafikiaje?