Al-Jahiz na Rangi za Viumbe

Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyelakabiwa Al-Jahiz kwa macho yake ya kutokeza, alizaliwa Basra yapata mwaka 776. Alikuwa fakiri, yasimuliwa kuwa ujanani aliuza mikate na samaki, na kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Kwa itikadi alikuwa Muutazila, na katika hilo hatumfuati; lakini elimu yake ya wanyama haikataliki.

Katika Kitabu cha Hayawani, chenye juzuu 7, aliwapanga wanyama kwa mwendo wao: waendao, warukao, waogeleao na watambaao. Aliona pia kuwa chawa wa nywele nyeusi huwa mweusi, na wa mvi huwa mweupe. Kwetu pia, katika nchi za Ziwa Victoria upande wa Nyakoe, Kisii, senene wa jinsi moja huwa wa kijani na wa hudhurungi: huyu hufichika penye nyasi kavu, yule penye mbichi, basi ndege hawawamalizi. Wasemao kuwa Al-Jahiz alimtangulia Darwin wa mwaka 1859 wamezidisha, kwani hakueleza jinsi wanaonusurika wanavyowarithisha watoto sifa zao.

Lililo zito kwetu watu wa pwani ni risala yake juu ya fahari ya weusi. Humo aliwataja Zanji, watu wa pwani hii ya Afrika, akatoa mfano wa nchi ya mawe meusi ya Bani Sulaym, ambako watu na wanyama pia ni weusi. Weusi, kwake, ni athari ya ardhi na maji, si adhabu wala kasoro. Na wako kwetu, mpaka leo, wampimao mposaji kwa rangi yake!

Alifariki Basra mwaka 255 wa Hijra, mkongwe aliyepooza upande mmoja.