Philipp Jakob Spener (1635–1705): Mchungaji Aliyewafungulia Washarika Biblia

Philipp Jakob Spener alizaliwa tarehe 13 Januari 1635 huko Rappoltsweiler, mji mdogo wa Alsace ambao siku hizi umo ndani ya Ufaransa na huitwa Ribeauvillé. Vita ya Miaka Thelathini ilikuwa bado ikiiteketeza nchi, nayo ilikoma mwaka 1648 alipokuwa na umri wa miaka 13. Alilelewa katika nyumba ya wacha Mungu, na tangu ujana wake alisoma sana kitabu cha Johann Arndt juu ya Ukristo wa kweli, kilichopendwa katika nyumba nyingi za Walutheri. Mwaka 1651 alikwenda Strasbourg kusoma, na huko mwalimu wake Johann Conrad Dannhauer alimfundisha kuyathamini maandiko ya Luther na kuyashika maungamo ya Kanisa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwa maana baadaye alishtakiwa kwamba ameyaacha. Mwaka 1664 alipokea shahada ya udaktari wa theolojia na kumwoa Susanne Ehrhardt, mambo yote mawili kwa siku moja. Mungu aliwajalia watoto 11.

Mwaka 1666, akiwa na umri wa miaka 31, aliitwa Frankfurt am Main awe kiongozi wa wachungaji wa mji huo, ambao wengi wao walimzidi umri. Alikuta ibada zinafanyika kwa utaratibu na mafundisho ni safi. Hata hivyo, wengi walidhani kwamba kubatizwa, kusikiliza mahubiri na kufika kwenye Meza ya Bwana kwa majira yake kwatosha. Spener alianza na watoto, akahuisha mafundisho ya Katekisimo. Watu wazima nao wakaanza kuja kusikiliza. Kisha mwaka 1669 alihubiri juu ya haki ya uongo ya Mafarisayo. Baadhi walikasirika, wengine wakachomwa mioyo.

Mwaka 1670 baadhi ya washarika walimwomba nafasi ya kukutana na kuzungumza mambo ya Mungu, kwa kuwa walichoshwa na mazungumzo yasiyojenga. Spener hakutaka wakutane peke yao bila mchungaji, akawafungulia chumba chake cha kusomea. Walikutana Jumapili na Jumatano. Waliomba, wakasoma kitabu cha ibada au wakarudia mahubiri yaliyokwisha kutolewa, kisha kila mwanamume aliyekuwa na neno alisema. Wasomi na mafundi waliketi pamoja, jambo lisilo la kawaida katika mji ule uliojali sana vyeo. Wanawake walisikiliza kutoka chumba cha pembeni, wala hawakuruhusiwa kusema. Katika hilo Spener hakuvuka desturi ya nyakati zake. Baada ya miaka michache waliweka kando vitabu vingine wakasoma Biblia yenyewe.

Mwaka 1675 mchapaji alimwomba dibaji ya mahubiri ya Arndt. Dibaji hiyo ilipokelewa kwa hamu kubwa, hata ikatolewa kuwa kitabu peke yake mwaka huohuo kwa jina la Pia Desideria, yaani matamanio ya uchaji. Spener alitoa mashauri sita kwa Kanisa. La kwanza lilikuwa Neno la Mungu litumike zaidi. Alionyesha kwamba masomo yaliyopangwa kusomwa kila Jumapili, hata yakijumlishwa yote ya mwaka mzima, ni sehemu ndogo tu ya Maandiko. Basi mtu asiyesoma nyumbani huishi na kufa bila kuijua sehemu kubwa ya Biblia. Kwa hiyo alitaka kila baba asome pamoja na watu wa nyumba yake, vitabu vya Biblia visomwe mbele ya watu kwa mfululizo, na Wakristo wakutane kujengana kwa mfano wa 1 Wakorintho 14.

Shauri la pili lilihusu ukuhani wa waamini wote. Luther alikuwa amelifundisha, lakini kwa Spener fundisho hilo lilikuwa limelala. Hakukusudia kuiondoa huduma ya uchungaji. Hoja yake ilikuwa kwamba mchungaji mmoja hawezi kuzichunga roho zote endapo kila mmoja anamwachia yeye kazi ya kusoma, kuomba, kuonya na kufariji. Mashauri mengine yaligusa matendo ya upendo, namna ya kubishana na wanaopotea, malezi ya wanafunzi wa theolojia, na mahubiri yenye kujenga. Mwaka 1677 alieleza ukuhani huo kwa maswali na majibu 70, ili hata mtu asiyesoma shuleni aufahamu.

Hatari yake ilionekana mapema, tena ndani ya chumba kilekile. Johann Jakob Schütz, mwanasheria, alikuwa miongoni mwa walioanzisha mikutano hiyo na rafiki wa karibu wa Spener. Kuanzia mwaka 1676 aliacha kushiriki Chakula cha Bwana, akiona si halali kushiriki pamoja na wasiotubu. Wengine walimfuata. Waliokuwa wakiwapinga walipata la kusema: hayo ndiyo matunda ya kuwapa watu Biblia wajisomee. Spener aliumia sana, lakini hakulikana shauri lake. Mwaka 1682 mikutano ilihamishiwa kanisani. Hapo watu wa kawaida wakanyamaza, wakabaki wasomi wakisema, na uhai wake ukapungua. Mwaka 1684 aliandika kitabu kuwaonya wanaojitenga na Kanisa kwa sababu ya kasoro zake.

Mwaka 1686 alikwenda Dresden kuwa mhubiri mkuu wa mtawala wa Saxony, Johann Georg III. Mwaka 1689 alimwandikia mtawala huyo barua ya kumwonya juu ya mwenendo wake, na tangu hapo mtawala hakutaka tena kumsikiliza. Mwaka 1691 alihamia Berlin katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Kutoka huko alisaidia August Hermann Francke apate nafasi Halle, ambako chuo kikuu kilizinduliwa mwaka 1694. Mwaka uliofuata wanatheolojia wa Wittenberg walimshtaki kwa makosa ya mafundisho zaidi ya 200. Alijibu mashtaka hayo, akaendelea na kazi yake.

Alilala tarehe 5 Februari 1705 mjini Berlin. Husimuliwa kwamba alikataza jeneza jeusi. Maisha yake yote alikuwa ameomboleza hali ya Kanisa hapa duniani, akataka azikwe katika jeneza jeupe.

Mwaka 1710 rafiki yake, Carl Hildebrand von Canstein, alianzisha huko Halle kazi ya kuchapa Biblia za bei nafuu, ili maskini nao wawe na Biblia nyumbani. Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliosoma Halle, walifika Tranquebar nchini India mwaka 1706, na Agano Jipya kwa Kitamili likachapwa mwaka 1715. Katika miaka ya 1840 kazi ya Tranquebar ilipokelewa na Misioni ya Leipzig, ambayo wamisionari wake walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893.