Beethoven na mvumo usiojulikana chanzo

Mjini Vienna, tarehe 27 Machi 1827, daktari Johann Wagner aliupasua mwili wa mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven, aliyefariki siku iliyotangulia akiwa na umri wa miaka 56. Ini lilikutwa limesinyaa. Wagner hakuishia hapo: alikata mifupa ya panja pande zote mbili ili ayaone masikio kwa ndani. Aliandika kwamba neva za kusikia zilikuwa zimenywea, na mishipa ya damu iliyoandamana nazo imetanuka.

Marehemu mwenyewe alikuwa amelitamani jibu hilo kwa robo karne. Alizaliwa Bonn mwaka 1770, akahamia Vienna mwaka 1792, na alipokuwa hajatimiza miaka 30 masikio yake yalianza kuvuma. Mwaka 1801 alimweleza kwa barua rafikiye Franz Wegeler, aliyekuwa daktari, kwamba mvumo huo haukomi usiku wala mchana, na kwamba anakwepa hadhara kwa kuona haya kuwaambia watu kuwa yeye ni kiziwi. Madaktari walimpa mafuta ya lozi ya kutia masikioni, wakamwogesha maji ya mto Danube. Havikumfaa.

Oktoba 1802, kijijini Heiligenstadt, aliwaandikia ndugu zake waraka ulio mfano wa wosia, akikiri kwamba alikaribia kujiua. Humo aliomba profesa Schmidt, daktari wake, ayaeleze maradhi hayo akishakufa, ili walimwengu waliomdhania mwenye kiburi wapatane naye. Waraka haukutumwa, ulionekana baada ya kifo chake. Schmidt alikuwa amefariki tangu 1809.

Simfonia kubwa zilifuata, mawasiliano yakapungua. Kuanzia 1818 wageni walimwandikia maneno daftarini, naye akajibu kwa sauti. Simfonia ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza, tarehe 7 Mei 1824, yasemekana mwimbaji mmoja alimgeuza awatazame watu waliokuwa wakimshangilia, maana makofi hakuyasikia.

Alichokitafuta Wagner kwa msumeno, leo hutazamwa mtu akiwa hai. Hapa Kigali, mgonjwa mwenye mlio wa sikio usio na chanzo dhahiri huweza kupimwa kwa mashine ya MRI, ambayo kwa sumaku na mawimbi ya redio huonyesha njia nyembamba ya mfupa inamopita neva ya kusikia, sambamba na neva za mizani ya mwili na ile ya uso. Daktari huangalia kama kuna uvimbe unaoibana, au kama neva ni nyembamba kupita kawaida. Mlio wa sikio moja tu ndio hasa unaohitaji uchunguzi huo.

Hata hivyo, mara nyingi picha hutoka safi, na mgonjwa huondoka akihisi hakuaminiwa. Si haki kumshuku. Ndani ya koklea, kijumba kilichojiviringa kama kombe la konokono, mna maelfu ya seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, nazo ni ndogo mno kwa mashine hiyo. Zikifa hazioti tena. Wataalamu wengi hudhani kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka kwao, hujitungia sauti wenyewe.

Kwa Beethoven hata neva zilizonywea hazikutoa hukumu, kwani Wagner hakueleza ni nini kilichozinywesha. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba kutoka nywele zake: walikuta dalili za homa ya ini aina ya B na hatari ya kurithi ya ugonjwa wa ini, lakini hawakuona cha kueleza uziwi. Mwaka uliofuata wengine walipima nywele hizo wakakuta risasi nyingi, wasiweze kusema kuwa ndiyo iliyomtia uziwi. Mifupa ya panja ambayo leo ingepigwa picha haikuwamo kaburini lilipofukuliwa mwaka 1863, na hadi sasa haijulikani iliko.